Jembe la Siku ya Tatu

Miezi mitatu ya mwanzo hapa Wete, kisiwani Pemba, sikuachiwa kuosha hata kikombe. Nikinyanyuka na sahani yangu baada ya kula, wifi yangu keshaipokea kabla sijafika uani. Nikishika ufagio, Bi Mkubwa, mama yake mume wangu, ananiita kutoka ndani: "Mwanangu, weka hicho, wewe bado mgeni." Nikiingia jikoni naletewa kibao nikae, nitazame wenzangu wakikuna nazi na kukamua tui, mimi mikono mapajani. Nilikulia Bondeni, Nakuru, nikiwasikia watu wazima wakisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo nilikuwa nikiisikia kwa sikio la mwenyeji. Sikuwahi kujiuliza inakuwaje kwa mgeni anayelitaka jembe asipewe. Siku ya tatu ilipita, ya thelathini ikapita, ya tisini nayo ikapita, na mimi niko juu ya kibao.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaolewa Unguja mwaka huu. Juzi kanipigia simu kuniuliza abebe nini kutoka Kenya. Nilimjibu upesi upesi habari za viatu na shuka, kisha usiku usingizi ukanipaa, maana nilijua sijamwambia lolote la maana. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Mimi na mume wangu tulihamia Julai 2015, siku chache baada ya Iddi. Ukitazama ramani, Wete na Tanga ziko karibu mstari mmoja, na kutoka mpakani Lungalunga kisiwa kiko palepale mbele. Lakini Tanga tuliipita kwa basi, tukashuka hadi Dar es Salaam, tukavuka kwa boti hadi Unguja, tukalala, kisha tukapanda meli ya kurudi tena kaskazini hadi Mkoani, bandari ya Pemba. Kusi, upepo wa miezi hiyo, lilikuwa limekaza. Nimezaliwa mahali palipo zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, ambako Julai watu huvaa sweta juu ya sweta, na bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu, nayo nikiwa ufukweni. Nilikaa sakafuni nimeshika mguu wa benchi. Mama mmoja asiyenijua akanipasulia ndimu ninuse, akaniambia nitazame mbali, nisiyatazame maji ya karibu. Mume wangu alinieleza kwamba Unguja imekaa kwenye maji ya kina kifupi, lakini baina ya Pemba na bara pana mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ndiyo maana maji yake yana weusi ule. Mpaka leo nikivuka nautambua mkondo huo kwa rangi yake.

Asubuhi nikakiona kisiwa. Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadhra, kisiwa cha kijani, na kweli ni vilima juu ya vilima, minazi, migomba, mikarafuu, na bonde la mpunga kila baada ya kilima. Kutoka Chake Chake tulipanda gari ya abiria namba 606. Njia nzima kulikuwa na majamvi kando ya barabara, na juu ya majamvi kitu cha rangi ya udongo kimetandazwa, na harufu inaingia dirishani hadi kooni. Nikadhani kuna mtu kamwaga dawa ya meno. Zilikuwa karafuu za mwanzo wa msimu.

Nilikuja nikiamini kwamba lugha imeshanitangulia. Kiswahili ndicho nilichozaliwa nacho, wala si cha kujifunza shuleni. Siku ya kwanza sokoni nikaomba viazi, nikapimiwa viazi vitamu. Nilivyovitaka mimi hapa ni mbatata. Nyanya ni tungule. Hoho ni pilipili boga, kitunguu saumu ni thomu, na mkate wa dukani ni boflo. Hayo ni maneno, na maneno hushikika kwa wiki mbili. Lililonichukua muda ni namna ya kuyatoa. Kwetu Nakuru unafika dukani unasema "nipatie sukari nusu", unalipa, unaondoka, na hakuna aliyekosewa adabu. Hapa nilifanya hivyo kwa siku nne au tano, na kila siku mwenye duka ananipimia kimya, macho kwenye mizani. Usiku mmoja wifi yangu akanivuta chumbani akanambia kwa upole, "Wifi, mwenye duka anauliza kama kuna mtu nyumbani kwetu amekuudhi."

Basi nikajifunza. Asalaam alaykum. Hamjambo? Habari za tangu jana? Watoto hawajambo? Bi Mkubwa vipi mguu wake? Alhamdulillahi. Ndipo sukari. Na ukimpita mtu anakula, atakwambia karibu, nawe utamjibu starehe. Mzee anayekaa barazani kona ya kwetu aliniuliza kila asubuhi, "Unakwenda wapi?" Siku za mwanzo nilimweleza kila kitu, ninakokwenda na ninachokifuata. Halafu nikaanza kuudhika, nikaona nachunguzwa. Ilipita miezi kabla sijatambua kwamba swali lile halitaki habari yoyote. Linataka usipite kama upepo. "Nafika hapa mara moja, mzee wangu," yatosha, naye anarudi kwenye kahawa yake.

Makaratasi nitayasema kwa ufupi, ingawa hayakuwa mafupi. Siku ya pili tu mume wangu alinipeleka kwa sheha, maana hapa mtu hahamii mtaani kimya kimya. Sheha ndiye serikali iliyo karibu na mlango wako, na barua yake ndiyo inayotangulia ofisi nyingine. Zanzibar ina rais wake, Baraza lake la Wawakilishi na sheria zake, ila uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo mke aliyetoka nje ya nchi ana milango ya aina mbili ya kubisha. Faili langu lilipotea katika ofisi moja, nikarudia picha, nikarudia nakala ya cheti cha ndoa, nikarudia nauli ya kwenda na kurudi, na siku moja nililia hadharani kituo cha gari huku watu wananitazama. Mdogo wangu, kila karatasi toa nakala tatu, na moja iache kwa mama yako. Mwishowe kibali kilitoka. Nilidhani siku hiyo nitajisikia nimefika. Nilirudi nyumbani nacho kwenye bahasha, wifi yangu akanipokea bahasha, na kibao kikaletwa.

Upweke ulikuwa na saa yake. Ulikuja baada ya adhuhuri, watu wamelala, jua limesimama, jogoo mmoja anawika mbali. Nilikuwa nikikaa ukumbini nikiwaza baridi ya Nakuru, ukungu wa asubuhi, moshi wa jiko la makaa, mama yangu anachambua sukuma wiki huku redio inasema. Sikuwa nimekosewa na mtu. Kila mtu alikuwa mwema kwangu, na wema wenyewe ulinizunguka kama ua wa makuti: ulinisitiri, nami sikuona pa kutokea.

Novemba ile, katika mvua za vuli, ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma.

Niseme kwanza habari ya karafuu, maana asiyeijua hatalielewa kosa. Zao hili lilikuwa kubwa zaidi Unguja hadi kimbunga cha Aprili 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya huko. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ni Pemba. Shamba la kina mume wangu ni la eka, ndivyo wanavyoyaita mashamba ya eka tatu tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Karafuu huchumwa bado chipukizi, kabla ua halijafunguka, mtu yuko juu kabisa ya mti anavuta matawi kwa kamba. Wachumaji hulipwa kwa kipimo cha pishi. Karafuu huchambuliwa usiku uleule, kisha huanikwa juani siku tatu, nne, tano, kutegemea jua. Kilo tatu mbichi hutoa takriban moja kavu. Aliyekuwa akinunua ni mmoja tu, shirika la serikali, nalo lilinunua kwa daraja. Miaka ile daraja la kwanza lilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo. Karafuu ikinyeshewa kabla ya kukauka huvunda, ikapauka, ikashuka daraja, nyingine haipati hata daraja. Kwa hiyo jamvi lililo uani kwa jirani ni ada ya skuli, ni bati la nyumba, ni mahari ya mtoto wa kiume, vyote vimelala wazi chini ya mbingu.

Siku hiyo Bi Mkubwa alikuwa ameenda msibani Konde, wifi yangu yuko shamba. Nilikuwa peke yangu. Jirani yetu wa ubavuni, mama wa makamo ambaye mumewe yuko kitandani kwa maradhi, alikuwa ameanika majamvi mawili, moja karibu na mlango wake na moja karibu na wetu, kwa sababu upande wetu jua linakaa zaidi. Alikuwa ameingia ndani kumgeuza mgonjwa. Wingu likaja bila radi, kwa nyuma ya minazi. Mara nikasikia sauti kutoka juu ya mtaa: "Anueni! Anueni jamani!"

Kuanika nilikujua. Kuanua nilikuwa sijawahi kukusikia kwa ukali ule. Nikatoka mlangoni nikaona mtaa mzima unakimbia. Watoto waliokuwa wakicheza nage wameuacha mpira. Mwenye duka kaacha duka wazi. Mzee wa barazani, yule wa "unakwenda wapi", kaacha mkongojo wake, anakwenda kwa mwendo ambao sikudhani anao. Hawakuuliza ya nani. Kila jamvi lililokuwa mbele ya mtu, alikunja pembe zake nne, akavuta.

Mimi nilisimama mlangoni. Jamvi lilikuwa hatua sita kutoka miguuni mwangu. Nakumbuka nilivyowaza, maana niliwaza maneno kamili: hii ni mali ya watu, mimi ni mgeni, nikiigusa ikamwagika nitasema nini? Nikangoja mwenyewe atoke. Matone ya kwanza yakaanguka makubwa makubwa, yakaacha madoa meusi juu ya karafuu, doa moja, doa jengine, kisha sikuona tena doa wala karafuu, ni maji tu. Jirani alitoka akawahi jamvi la mlangoni kwake pamoja na watoto. Lile la kwetu lilikuwa linaelea.

Hakuna aliyeniambia neno. Watu walisimama chini ya upenu, wakapumua, wakajikung'uta, wakasema mvua ya Mungu. Magharibi mtoto wa jirani akabisha hodi kama kawaida, ameleta sahani ya muhogo wa nazi, juu imefunikwa kawa. "Mama anakusalimu." Nilipokea sahani ile mikono ikitetemeka. Ningepewa tusi ningejua la kufanya nalo.

Usiku nilipiga hesabu. Kama jamvi lile lingetoa kilo ishirini kavu, ni shilingi 280,000. Nikamweleza mume wangu kila kitu. Akanyamaza sana, kisha akasema, "Hawakukuita kwa sababu hapa kwenye kuanua haitwi mtu." Asubuhi Bi Mkubwa aliporudi nikamweleza na yeye. Akaweka kikombe chake chini. "Mvua na maiti, mwanangu, havina mwaliko."

Nilikwenda kwa jirani kumtaka radhi. Alikuwa anazigeuza zile zilizolowa kwa mkono, anazipa jua lililobaki. "Radhi ya nini? Mvua ya Mungu." Nikabaki nimesimama. Akaendelea kugeuza, kisha akasema bila kunitazama, "Ila siku nyengine ukiona wingu, usimtafute mwenye jamvi."

Usiku huo karafuu zililetwa kutoka shamba, magunia mawili, zikamwagwa juu ya mkeka ukumbini. Wanawake wa mtaa wakaja, kila mmoja na kijifuko chake, wakakaa kuzunguka. Kibao changu kilikuwa pale ukutani. Sikukikalia. Nikavua baibui, nikakaa chini baina ya wifi yangu na jirani yule, nikavuta shada moja. Hakuna aliyenikaribisha. Bi Mkubwa alinitazama muda kidogo, halafu kwa upande wa kiganja akausukuma mlima mdogo wa karafuu hadi magotini mwangu.

Kuchambua kuna mkono wake. Unalishika shada kwa konyo lake kuu, unaliweka kwenye kiganja cha mkono wa pili, unalisukuma na kulipinda mara moja, na punje zinaanguka zote kwa pamoja huku konyo likibaki vidoleni. Karafuu huku, makonyo kule, maana makonyo nayo yana bei yake. Wenzangu walikuwa wakifanya hivyo bila kutazama. Mimi nilikuwa nikizing'oa mojamoja kama mtu anayenyonyoa kuku. Baada ya saa moja kidole gumba kilikuwa kinawaka, na mafuta ya karafuu yameingia chini ya kucha, yanachoma na kufisha ganzi kwa wakati mmoja. Jirani akanishika kiganja, akakigeuza, akalilaza shada ndani yake, akaukunja mkono wangu kwa mkono wake. "Hivi. Usiibane." Punje zikaanguka. Akaniachia, akaendelea na zake.

Mambo mengi ninayoyajua kuhusu mtaa huu niliyasikia katika usiku wa namna hiyo, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hupata nafasi. Ni hapo nilipojua nani hasemi na nani na kwa nini. Ni hapo pia nilipomsikia mama wa nyumba ya tatu akimtaja mdogo wake aliyekuwa ndani ya MV Spice Islander, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ilipozama mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kuja huku na mamia ya watu. Alikuwa anarudi na watoto wawili. Mama yule alisimulia kwa sauti ileile aliyokuwa akisimulia bei ya samaki, na mikono yake haikusimama hata mara moja. Hakupatikana, wala watoto. Tangu siku hiyo nimeelewa kwa nini hapa mtu akisafiri, hata kwenda Unguja kwa siku mbili, nyumba nzima husimama mlangoni, na kwa nini hakuna anayelala mpaka apige simu kwamba keshashuka.

Miaka iliyofuata sina mengi ya kusema juu yake, na nadhani hiyo ni dalili njema. Nilizaa. Nikaitwa mama fulani badala ya biharusi. Nikajua bamvua na maji mafu ya bahari, nikajua siku za kupata pweza wa bei nafuu. Masika ya kila mwaka viatu vyangu vya ngozi viliota kuvu, mpaka nikaacha kuvinunua. Nilipokwenda Nakuru mwaka 2018 niliomba tungule sokoni Bondeni, nikatazamwa. Mama akaniambia nimekuwa na maneno mengi mlangoni kabla ya kuingia.

Machi 2019 baba yangu alifariki, baada ya alfajiri. Kaka alinipigia jua halijachomoza. Sisi Waislamu maiti hatuiweki, na kutoka Wete hadi Nakuru ni bahari na nchi mbili. Alizikwa alasiri ileile. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, mkoba umefungwa nusu, nikijua kwamba hata nikitoka sasa sitawahi, na sijui kama kuna jambo jengine linalomwonesha mtu umbali wa alikohamia kama hilo.

Nilisikia geti la uani likifunguliwa. Halafu tena. Sikuwa nimemwambia mtu zaidi ya mume wangu na Bi Mkubwa. Nilipotoka ukumbini, mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Jirani wa ubavuni alikuwa mekoni anapuliza moto, sufuria kubwa ya shughuli imeletwa sijui na nani. Mwenye duka alileta mchele na hakuandika kwenye daftari. Juzuu ziligawiwa, zikasomwa, na hitma ikatiwa kwa jina la mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona, mkaazi wa mji wa baridi ambao hawataufika. Mzee wa barazani aliniuliza jina la baba wa baba yangu ili amtaje na yeye.

Baada ya kula nikanyanyuka na kikombe changu. Wifi yangu akakipokea kabla sijafika uani. "Kaa, wifi," akasema. Nikakaa.

Mdogo wangu, nguo nyepesi lete, sweta acha. Viatu vya ngozi acha. Majani ya chai ya Kericho niletee na mimi, hapo sijabadilika. Hayo mengine hayabebeki kwenye begi.

Wiki iliyopita nilikuwa nazungumza na mama kwa simu. Alikuwa ananieleza habari za harusi yako, nani kasusa na nani kachanga, nami nilikuwa nimejinyoosha kitandani nikimsikiliza, mtoto kalala pembeni. Dirisha lilikuwa wazi. Upepo ukageuka, pazia likavutwa nje badala ya kuingia ndani, na ile harufu ya vumbi lililoguswa na maji ikaja kutoka upande wa minazi.

"Mama, nitakupigia baadaye, karafuu ziko nje."

"Karafuu za nani?" aliuliza.

Sikumbuki kama nilimjibu. Nilikuwa nimeshafika uani, nimeshika pembe mbili za jamvi, na kwa upande wa pili mtoto wa mtu alikuwa ameshika nyengine mbili.